Moto wa Mlimani, Mwalimu Goso au Sungura? Kuchagua Hadithi ya Haki ya Kuwasomea Watoto

Mwombe mwalimu, bibi au muuza vitabu akutajie hadithi za Kiafrika zinazohusu haki, naye atakupa rundo: Sungura, Ananse, Kobe, Abunuwasi, simba na nyama yake. Zote zinaitwa hadithi za haki. Zisome mfululizo uone zinavyogombana. Katika moja mwizi wa maji anaponyoka na wasikilizaji wanashangilia. Katika nyingine anayeshindwa kujibu anauawa. Katika ya tatu hakimu hasikii hata neno moja la kesi, na umati unamsifu. Mtoto wa darasa la tatu akisomewa zote hizo ndani ya wiki moja bila mpangilio atabaki na wazo moja tu, kwamba mjanja hushinda, na sidhani kama hilo ndilo ulilokusudia.

Nalinganisha hapa chache ninazozipenda, na nyingine ambazo kwa maoni yangu zinasifiwa kupita kiasi, kwa ajili ya mzazi, mwalimu au kiongozi wa klabu ya kusoma anayetaka kuchagua. Sizipangi kwa nchi wala kwa mnyama. Nauliza swali moja tu: ndani ya hadithi hii, anayetoa hukumu ni nani?

Anapoamua mwerevu mmoja

Tuanze na zinazosomeka kwa urahisi. Abunuwasi wa hadithi zetu alitokana na mshairi wa kweli, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Huyu wa hekaya za Pwani amekwisha kuwa mtu mwingine kabisa: anabishana na sultani, anamtania kadhi, na maskini wakidhulumiwa humkimbilia yeye. Kisa cha harufu wengi wanakijua. Maskini asiye na kitoweo anakula chakula chake kikavu karibu na jiko la tajiri, ili harufu ya nyama imsaidie kumeza. Tajiri anamshtaki, anataka alipwe. Abunuwasi anachukua sarafu, anaziliza mbele ya watu, kisha anamwambia tajiri: umesikia? Basi umelipwa. Aliyekula harufu hulipa mlio.

Kwa watoto wa miaka sita hadi tisa sijaona inayoizidi. Ni fupi, hukumu yake inaeleweka papo hapo, na ukiwa na sarafu mfukoni unaweza kuizua mahakama nzima pale sebuleni. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kinategemea akili ya mtu mmoja. Mtoto makini atakuuliza: je, kama Abunuwasi angekuwa safarini siku hiyo? Hadithi yenyewe haina jibu.

Sasa iweke pembeni ya hadithi ya Ethiopia ya moto wa mlimani, iliyoingia katika mkusanyo wa Harold Courlander na Wolf Leslau mwaka 1950. Arha ni mtumishi wa tajiri wa Addis Ababa aitwaye Haptom Hasei. Tajiri anaweka dau: Arha akiweza kusimama usiku kucha kwenye kilele cha mlima Sululta, bila nguo, bila blanketi na bila moto, atapewa ardhi, nyumba na mifugo. Arha anakwenda kuomba shauri kwa mzee mmoja wa Kigurage, na mzee anamwahidi kwamba atawasha moto kwenye mlima wa ng'ambo ya bonde. Yeye kazi yake iwe kuutazama tu, na kuwaza joto lake. Arha anavumilia mpaka asubuhi. Haptom akisikia habari ya ule moto anakataa kulipa, kwa kuwa sharti lilikuwa bila moto. Wanakwenda kwa hakimu, na hakimu anampa ushindi tajiri.

Hapo ndipo hadithi hii inapoipita ile ya Abunuwasi. Mahakama imekosea, na hadithi haifichi. Anatokea mtu mwingine, Hailu, anaandaa karamu na kuwaalika wakubwa, Haptom na hakimu wakiwamo. Harufu ya mapishi inatoka jikoni, inajaza chumba, wageni wanameza mate, lakini sahani haziji. Wanapolalamika wanaulizwa: kama Arha aliota moto kwa kuutazama ng'ambo ya bonde, ninyi mnashindwaje kushiba kwa kunusa? Haptom anatoa alichoahidi.

Angalia harufu inavyotumika katika visa hivi viwili. Kwa Abunuwasi, tajiri ndiye anayedai kwamba harufu ina thamani, naye anajibiwa kwa kitu kingine kisichoshikika. Kwa Hailu, harufu inaletwa ionyeshe kwamba haijazi tumbo la mtu. Ukiwasomea watoto visa hivi jioni mbili zinazofuatana, wenyewe watayaona haya bila wewe kuwafundisha. Na wapo wasimulizi wa Pwani wanaompa Abunuwasi hata kisa chenyewe cha baridi: anatundika vyungu juu, mbali na moto, kisha anawaambia wageni wenye njaa wasubiri chakula kiive. Picha hiyo ya chungu kinachoning'inia huku moto uko chini kabisa ni nzuri kwa watoto wadogo, maana wanaweza kuichora. Hata hivyo, mimi nikilazimika kuchagua moja, nachukua ya Ethiopia, kwa sababu aliyedhulumiwa ana jina na amepigwa na baridi, na kwa sababu hukumu mbaya inatenguliwa mbele za watu, wakubwa wakiwa wameketi na njaa yao.

Sufuria iliyozaa, nayo ya Abunuwasi, ni ya kuanzia miaka minane. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na nyingine ndogo akidai imezaa, kisha anaiazima tena na kusema imekufa. Mwenye sufuria aliyekubali bila kuuliza kwamba chombo chake kimezaa hana mdomo wa kukataa kinapofariki. Watoto hucheka, lakini wakishamaliza kucheka waulize kama Abunuwasi hakuiba. Utasikia kelele.

Zile za mjanja

Hapa naomba nitofautiane na vitabu vingi vya shule. Sungura anapendwa, nami nampenda, lakini nusu ya hadithi zake hazihusu haki hata kidogo. Zinahusu mdogo kumshinda mkubwa, na hilo ni jambo jingine. Sungura anapomdanganya fisi akafungwa kamba kwa hiari yake, fisi hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa ujinga. Usimwambie mtoto kwamba hapo haki imetendeka.

Iliyo ya haki kweli ni ile ya kisima. Ukame umekuja, wanyama wanakubaliana kuchimba, Sungura anakataa kazi. Maji yakishapatikana anakuja kuyanywa kwa hila. Mlinzi mmoja baada ya mwingine anashawishiwa kwa asali mpaka anakubali kufungwa. Anayemkamata ni Kobe, aliyejipaka ulimbo mgongoni na kujificha ndani ya maji. Swali la hadithi hii ni zito na la kila siku: asiyechimba ana haki ya kunywa? Mtoto anayekaa kwenye nyumba ya kupanga yenye bomba moja la uani analielewa mara moja. Shida iko mwishoni. Katika masimulizi mengi Sungura anawadanganya wanaomwadhibu na kutoroka, na shangwe zinamwendea yeye. Ukiichagua, jipange kusimama kabla ya mwisho na kuuliza adhabu ya haki ingekuwa ipi. La sivyo umesoma hadithi ya mwizi mwenye bahati.

Kobe wa Waigbo ni afadhali zaidi kwa kazi hii. Ndege wamealikwa karamu mbinguni. Kobe, ambaye hana mabawa, anawabembeleza, na kila ndege anamchangia unyoya. Njiani anawashauri kila mmoja ajichagulie jina jipya la karamu, naye anajiita "Ninyi Nyote". Wenyeji wakileta chakula na kusema ni cha ninyi nyote, Kobe anakula wa kwanza na kuwaachia mabaki. Ndege wanachukua kila mmoja unyoya wake. Kobe anaomba ujumbe upelekwe kwa mkewe atandike vitu laini uani. Kasuku anaupeleka kinyume, vinatolewa vitu vigumu, na gamba linapasuka vipande vipande.

Hakuna hakimu hapo. Waliodhulumiwa wanatwaa kilicho chao, basi. Lakini Kasuku anaongeza yake, na hapo ndipo pa kukaa na watoto: kurudisha unyoya wako ni haki, kudanganya ili mtu avunjike ni nini? Darasani nimeona wale wale waliomlaani Kobe dakika moja iliyopita wakigawanyika makundi mawili juu ya Kasuku. Hadithi hii Chinua Achebe aliiweka ndani ya riwaya yake ya mwaka 1958, mama akimsimulia bintiye, na kwa Kiswahili utaikuta katika tafsiri yake, *Shujaa Okonkwo*.

Ananse wa Waakan wa Ghana nitampitia kwa haraka. Kile kisa ambacho anamwalika Kobe kula kisha anamtuma tena na tena mtoni akanawe mikono, halafu Kobe naye anamwalika chini ya maji ambako Ananse anaelea na kushindwa kufika mezani, ni kizuri kwa watoto wa miaka mitano. Umenitendea, nami nakutendea, tumelingana. Zaidi ya hapo hakina kina, na ukikirudia mara nyingi kinamfundisha mtoto kisasi. Ila kuna jambo moja la Waasante, ambao nao ni Waakan, ambalo mwalimu wa darasa kubwa atalifurahia: R. S. Rattray, aliyechapisha hadithi zao mwaka 1930, alieleza kwamba msimulizi huanza kwa kutangaza kwamba anayoyasema si ya kweli, na kwamba chini ya kinga hiyo watu waliweza kuwacheka hata wakubwa wao, jambo ambalo mchana lisingewezekana.

Fungu la simba

Hii ya Wasomali ni ndogo, na ni kali. Wanyama wamewinda pamoja. Simba anamwambia Fisi agawe. Fisi anagawa: nusu ya simba, nusu ya wengine wote. Simba anampiga mpaka jicho linatoka. Kisha anamgeukia Mbweha. Mbweha anagawa kwa namna ambayo kila kipande kinaishia kwa simba. Simba anafurahi na kumuuliza nani kamfundisha kugawa vizuri hivyo. Mbweha anajibu: jicho la Fisi.

Usiwasomee watoto wadogo kabla ya kulala. Si kwa sababu ya damu, damu watoto wanaimudu, bali kwa sababu haki inashindwa na hakuna anayekuja kuirekebisha. Kuanzia miaka kumi na moja, hasa wenye macho ya kuona kinachoendelea mitaani, hadithi hii inazungumza nao kuliko nyingine zote. Watakwambia simba wao ni nani. Tena angalia: hata mgawo wa kwanza wa Fisi, unaodhaniwa kuwa wa haki, ulimpa mkubwa nusu nzima. Wasikilizaji wengi hupitwa na hilo mara ya kwanza.

Kinyume chake ni hadithi ya mwema aliyelipwa ubaya, inayosimuliwa karibu bara zima. Kusini mwa Afrika, Wilhelm Bleek aliichapisha mwaka 1864: mtu anamwondolea nyoka jiwe lililomkandamiza, na nyoka anataka kumuuma, mwamuzi ni mbweha. Senegal ni mtoto aliyembeba mamba mpaka mtoni, na mwamuzi ni sungura wao, Leuk. Kote mwamuzi anafanya hila ile ile: anasema haamini, anataka aonyeshwe ilivyokuwa, na mkosaji akisharudi chini ya jiwe au ndani ya mkeka aliofungwa, kesi imekwisha. Kwa mtu anayetaka hadithi ambayo wema unalindwa, hii ndiyo. Toleo la Senegal ni bora kidogo, kwa kuwa kabla ya Leuk wanaulizwa wanyama wakongwe, na kila mmoja anasema wema hulipwa ubaya kwa kuwa binadamu ndivyo alivyomtendea yeye. Ushahidi wao ni wa kweli. Hukumu inampendelea mtoto, lakini malalamiko ya ng'ombe aliyetumikishwa na kuachwa uzeeni hayajajibiwa.

Mahakama ya kuchekwa

Nimefika kwa Goso. Hadithi hii ilisimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Mwalimu Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mbuyuni kuiba, buyu linaanguka, linampiga mwalimu, mwalimu anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanakubaliana: tumtafute aliyemuua Goso, tumuue.

Wanakaa shauri na kusema ni upepo wa kusi. Wanaukamata kusi, wanaupiga. Kusi unajitetea: ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na kiambaza cha udongo? Wanakwenda kwa kiambaza. Nacho: ningekuwa na nguvu, ningetobolewa na panya? Panya anamtaja paka, paka kamba imfungayo, kamba inataja kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe mdudu anayemganda, na mdudu paa anayemla. Wanamwendea paa. Paa hana la kusema, ananyamaza. Basi wanasema huyu ndiye, wanamuua.

Isome kwa sauti, utaona inavyokwenda kama wimbo. Watoto wa miaka mitano wataidakia kila hatua, na kwao inatosha kuwa hadithi ya mnyororo, ya kucheza. Ila mtu mzima akiisoma taratibu anapigwa na butwaa. Paa ni mkosaji kweli, tumemwona akipanda mti. Lakini wanafunzi hawakumwona. Wamempata kwa njia ambayo haina uhusiano wowote na kosa: wametafuta nani anamshinda nani, na kumhukumu wa mwisho kwa sababu alikosa wa kumtaja. Wote waliomtangulia walipigwa bure, na kila mmoja alijiokoa kwa kumsukumia mwingine mzigo. Hukumu imeangukia mtu sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Je, hiyo ni haki?

Swali hilo lina uzito kwa watu wa huku kwetu, ambako mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni anaweza kupigwa kabla ya yeyote kuuliza ameiba nini. Kwa kidato cha pili na kuendelea, na kwa watu wazima, hakuna hadithi ninayoiweka juu ya hii. Kiswahili chake ni cha Unguja cha zamani, na baadhi ya maneno yatahitaji maelezo, lakini usiibadilishe sana. Toleo la Kiingereza la George Bateman la mwaka 1901 lina mapambo zaidi. La Steere ni kavu, na ukavu huo ndio unaoifaa.

Wa kuwaweka pembeni yake ni wale viziwi wa Ethiopia. Mama amepoteza mbuzi, anamuuliza mkulima. Mkulima ni kiziwi, anaashiria mahali bila kujua anaulizwa nini. Kwa bahati mbuzi wako kule kule. Mama anarudi kushukuru, anamtolea mbuzi mmoja aliyevunjika mguu. Mkulima anadhani anashtakiwa kwa kuvunja mguu, wanapigiana kelele, wanafika kwa hakimu. Hakimu naye hasikii, na macho hayaoni vizuri. Anaona mwanamke ana mtoto mgongoni na mwanamume yuko kando yake, basi anamwagiza mkulima aache kumtesa mkewe, amchukue waende nyumbani. Umati unaishangilia hukumu.

Inachekesha kuliko Goso, na inaigizwa kwa urahisi: wahusika watatu, khanga ya kumbebea mwanasesere, mbuzi wa kufikirika. Kwa maonyesho ya shule chagua hii. Tahadhari moja: kama darasani yupo mtoto asiyesikia, ama uiache, ama uanze kwa kuweka wazi kwamba anayechekwa ni hakimu aliyekubali kuamua asichokisikia. Kwa kujadiliana, Goso inazidi, kwa sababu hapa hukumu ni mbaya waziwazi na kila mtu anakubali. Kule mnabaki mnabishana.

Hadithi inapokukabidhi kesi wewe

Zipo hadithi ambazo msimulizi anafika mwisho, ananyamaza, na kuwaachia waliokaa waamue. William Bascom wa Marekani alikusanya nyingi na kuzichapisha katika kitabu kizima mwaka 1975. Afrika Magharibi zimejaa, lakini hata huku tunazo: ndugu watatu, mmoja na kioo kinachoonyesha mbali, mmoja na mkeka urukao, mmoja na dawa ya kufufua, wanamwokoa binti, ni nani amuoe? (Binti mwenyewe haulizwi. Wasichana wa siku hizi watakukatiza hapo hapo, na wana haki.)

Iliyo bora kuliko zote ninazozijua ni ya Liberia, ya usinga wa mkia wa ng'ombe. Ogaloussa mwindaji anakwenda msituni na harudi. Siku zinapita, watu wanaacha kumzungumza. Mkewe anajifungua mtoto wa mwisho, Puli, na Puli akianza tu kutamka maneno anauliza: baba yangu yuko wapi? Kaka zake wanashtuka, wanaingia msituni, wanakuta mifupa. Mmoja anajua kuipanga, mwingine kuivika nyama, mwingine kuitia damu, mwingine pumzi. Ogaloussa anaamka, anarudi nyumbani, anatengeneza usinga mzuri uliopambwa kwa kauri, na kutangaza kwamba atampa aliyefanya makubwa zaidi kumrudisha. Kila mwana anadai.

Katika toleo la Courlander lililochapishwa mwaka 1947, baba anatoa jibu: usinga ni wa Puli, kwa kuwa ndiye aliyemkumbuka. Jibu ni zuri mno, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtoto akilisikia anafunga mdomo. Ukiifunga hadithi kabla ya hapo, utapata hoja ambazo hukuzitarajia: kwamba pumzi ndiyo kila kitu, kwamba bila wa kwanza kupanga mifupa hakuna wa pili, kwamba usinga ukatwe au uzunguke nyumba hadi nyumba, kwamba mama, aliyewalea wote, ametajwa mara moja tu na kusahauliwa. Hapo mtoto hapokei haki iliyokwisha kupikwa. Anapima kazi ya mtu dhidi ya kazi ya mwingine, anasikiliza, anabadili mawazo au anakataa kubadili, na lazima aseme kwa nini.

Hadithi hizi zina bei yake. Haziwafai watoto waliochoka. Hazimfai mwalimu mwenye dakika ishirini na mtihani wa kusahihisha. Na mtu mzima anayetaka kila mjadala uishie kwenye jibu lake ataziharibu. Bora asome Abunuwasi, atafurahi na watoto watafurahi.

Basi uchukue ipi?

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba: Ananse na Kobe mara moja, harufu ya Abunuwasi mara nyingi, na Goso kama mchezo wa kudakia. Miaka minane hadi kumi: moto wa mlimani ndio uwe nguzo, kisha Kobe na ndege, kisha sufuria iliyozaa. Kuanzia kumi na moja: fungu la simba, mamba wa Senegal, usinga. Sungura na kisima inakwenda umri wowote, mradi ule mwisho uwe umeushughulikia. Sekondari wapewe Goso na viziwi siku moja, na wakishapata hamu, waongezewe *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Hiyo si ngano, lakini Karama anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria anajitetea barazani kwa kusimulia hadithi siku baada ya siku, kwa hiyo watakuwa wameshaijua kazi ambayo hadithi inaweza kuifanya mbele ya mahakama.

Upatikanaji nao una neno. Abunuwasi yuko kwenye maduka ya vitabu na kwa wauza vitabu vya mitumba mjini. Steere na Bateman wamepitwa na muda wa hakimiliki, wanapatikana bure mtandaoni, na simu inatosha. Usinga na moto wa mlimani mara nyingi utavipata kwa Kiingereza tu, hivyo itakubidi usome peke yako kwanza, uweke kitabu pembeni, kisha usimulie kwa Kiswahili chako. Hiyo ni nafuu kuliko inavyosikika: Arha akishasimama mlimani bila blanketi, maneno yanakuja yenyewe.

Kama una jioni moja tu na wasikilizaji wako ni mchanganyiko wa wadogo na wakubwa, chukua Goso. Wadogo watataja kusi, kiambaza na panya pamoja nawe, na wakubwa waulize kama wangekuwa wanafunzi wale wangemfanya nini paa. Ukiwa na jioni mbili, ya pili iwe ya usinga, na ukurasa wa mwisho uubane kwa kibanio cha nguo kabla hujamkabidhi mtu kitabu.